Padri aliyefeli mtihani mara mbili, na minji zake zilizotufunulia jeni

Hebu tuanzie kwa sahani. Chapati mbili, minji zimepikwa na viazi na karoti, nyama kidogo kama mwisho wa mwezi umekubali. Umekula hiyo kitu tangu ukiwa mdogo na sidhani umewahi kuchukua punje moja ya minji ukaiuliza swali. Mimi pia sijawahi. Lakini kuna jamaa mmoja aliiuliza, na swali lenyewe lilikuwa zito hivi kwamba sehemu ya mwisho ya jibu imepatikana juzi tu, Aprili 2025, wanasayansi wa Uingereza na China walipochapisha katika jarida la Nature matokeo ya kusoma DNA ya karibu aina 700 za minji. Kazi waliyokuwa wanaikamilisha ilianza mwaka wa 1856 kwenye bustani ya watawa. Piga hesabu: miaka 169.

Jamaa huyo ni Gregor Mendel. Kama ulisoma Bayolojia hadi Form Four, jina unalijua. Ulichora ule mraba wa herufi kubwa na herufi ndogo, ukapata tatu kwa moja, ukafurahia alama zako na kusahau. Kitu ambacho mwalimu wangu hakuniambia, na sijui kama wako alikuambia, ni kwamba huyu tunayemwita baba wa jenetiki alifanya mtihani wa kuwa mwalimu mara mbili na mara zote mbili akatoka bila cheti. Halafu akafa kabla hajapata mtu hata mmoja wa kuelewa kikamilifu alichogundua.

Najua unachofikiria. Unangoja nikuuzie ile hadithi ya motisha, eti alifeli lakini hakukata tamaa, nawe usikate tamaa, like na kushare. Tulia. Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili na nimelishwa hadithi za aina hiyo hadi zimenikaa kooni. Ya Mendel ni tofauti, na kwa sehemu kubwa inahusu nani alilipa.

Alizaliwa Julai 1822 katika kijiji cha Heinzendorf, wakati huo chini ya Milki ya Austria, leo kinaitwa Hynčice na kiko Jamhuri ya Czech. Jina la kuzaliwa ni Johann. Hilo la Gregor alipewa utawani. Baba yake, Anton, alikuwa mkulima mdogo mwenye kipande chake cha shamba, ila kwa sheria za huko siku tatu kila wiki ilibidi afanye kazi ya bure kwenye ardhi ya bwana mwenye eneo. Babu zetu waliofanya kazi kwa mashamba ya masetla wangeelewa hiyo mambo bila kufafanuliwa. Nyumba ilikuwa na watoto watatu: Veronika, halafu Johann, halafu Theresia kitinda mimba. Mvulana mmoja tu, kwa hivyo kila mtu alijua shamba ni lake.

Shida ni kwamba kijana alikuwa na kichwa. Mwalimu wa kijijini aliliona hilo na kuwaambia wazazi, nao wakakubali kumpeleka shule za mbali, ingawa pesa hazikutosha. Kule shule ya upili mjini Opava walimudu kumlipia nusu ya chakula tu. Yaani wenzake wakila mlo mzima, yeye anakula nusu, kisha anangoja mkate kutoka nyumbani. Mwaka wa 1838 gogo likamwangukia baba yake akiwa kwenye ile kazi ya bure msituni, likamponda kifua, na hata hiyo nusu ikawa haiwezekani tena. Johann alikuwa na miaka 16. Akaanza kufundisha wanafunzi wengine ili ajilipie. Mwili ukakataa, akaugua, akarudi nyumbani kulala kitandani kwa miezi. Hii tabia ya kuugua kila maisha yanapombana iweke akilini, itarudi.

Sasa hapa ndipo Theresia anaingia. Baba alipoona hawezi tena kulima, mwaka wa 1841 aliuza shamba kwa mume wa Veronika. Katika mipango hiyo ya familia Theresia alitengewa mali yake ya kuolewa nayo. Usichanganye na mahari yetu: kule ni msichana aliyekwenda na mali kwa nyumba anayoolewa, na bila mali hiyo nafasi yake ya kupata mume mzuri ilikuwa inapungua. Alikuwa mtoto mdogo kuliko wote. Akatoa sehemu ya fungu lake, akampa kaka yake arudi masomoni kule Olomouc.

Nimesoma vitabu na makala kibao kumhusu Mendel na huyu dada huwa anapewa sentensi moja. Mimi namwona kila mahali. Kwenye familia ngapi unazozijua kuna msichana aliyeacha shule ili kaka amalize? Kuna dada anayefua nguo za watu Eastleigh au kuuza mboga Githurai ili mtu fulani alipiwe karo ya muhula? Bila zile pesa za Theresia hakuna Olomouc, na bila Olomouc hakuna kuingia utawani kule Brno, na bila Brno hakuna bustani. Mendel mwenyewe hakusahau. Miaka mingi baadaye, alipokuwa na mshahara wa maana, alisomesha wana watatu wa Theresia, na wawili kati yao wakawa madaktari. Deni lililipwa, na riba juu.

Kwenda utawani pia usikuwaze kama wito wa malaika. Alikubali mwenyewe baadaye kwamba alikuwa amechoka kupigania tumbo. Mwaka wa 1843 aliingia Abasia ya Mtakatifu Thomas huko Brno, na humo alipata kitanda, chakula, maktaba kubwa na wenzake waliokuwa walimu na wasomi. Mkuu wao, Abati Cyrill Napp, alikuwa mtu wa mashamba na mifugo. Brno ulikuwa mji wa viwanda vya sufi, na wafugaji wa kondoo pale walikuwa wakibishana kila mara kuhusu kondoo dume bora: anarithisha nini hasa kwa watoto wake, na anarithisha vipi? Swali la pesa, si la falsafa. Napp alilipenda swali hilo, na akawa na mtawa kijana mwenye kichwa cha hesabu.

Ila kwanza huyo mtawa ilibidi ahudumie waumini. Alipewa upadri mwaka wa 1847, akatumwa kutembelea wagonjwa, na kuona watu wakiteseka kulimfanya augue yeye mwenyewe. Napp, badala ya kumfokea, akamwondoa huko na mwaka wa 1849 akampeleka kufundisha shule moja mjini Znojmo kama mwalimu wa muda. Wanafunzi walimpenda. Kilichobaki ni cheti.

Mwaka wa 1850 akaenda Vienna kufanya mtihani. Kwenye Fizikia alijieleza vizuri. Kwenye jiolojia na zoolojia akaanguka vibaya. Huyu ambaye leo anasomeshwa katika kila darasa la Bayolojia duniani aliangushwa na maswali ya wanyama. Tuseme ukweli, hakuonewa: alikuwa amejisomea mwenyewe kwa vitabu, bila mhadhara hata mmoja wa chuo kwenye masomo hayo, na ilionekana. Napp tena akafungua mfuko wa abasia, akamgharamia Chuo Kikuu cha Vienna kuanzia 1851 hadi 1853. Hapo alifundishwa fizikia na Christian Doppler, yule yule wa sauti ya king'ora inayobadilika ambulensi inapokupita, na mimea akafundishwa na Franz Unger. Kwa watu wa fizikia alipata kitu ambacho wataalamu wengi wa mimea wakati huo hawakuwa nacho: mazoea ya kuhesabu, na kuamini kwamba kwenye vurugu ya mambo mengi unaweza kukuta kanuni fupi.

Mwaka wa 1856 akarudi kwenye mtihani. Safari hii mishipa ya fahamu ilimwangusha. Aliugua katikati ya mtihani na akaondoka bila kuumaliza. Hakujaribu tena. Aliendelea kufundisha Brno kwa miaka mingi kama mwalimu asiye na cheti. Ukiona mwaka huo, 1856, ndio mwaka ule ule alioanza majaribio ya minji.

Bustani yenyewe ilikuwa kitu kidogo, mita 35 kwa 7. Ukikata ploti ya hamsini kwa mia vipande viwili kwa urefu, kipande kimoja ni karibu kama hicho. Mendel alikuwa ameshatumia miaka miwili kupima aina 34 za minji, akizipanda na kuzipanda tena ili ajue ni zipi ambazo watoto hufanana na wazazi kila mara. Akabaki na 22. Kisha akachagua sifa saba ambazo hazina katikati, ni hivi au vile: punje ya mviringo au yenye makunyanzi, punje ya njano au ya kijani, ua la zambarau au jeupe, ganda lililovimba au lililobana, ganda la kijani au la njano, maua kando ya shina au juu kwenye ncha, mmea mrefu au mfupi.

Minji zilimfaa kwa sababu ua lake hujifunga na kujichavusha lenyewe. Kwa hivyo ukitaka kuoanisha mimea miwili ni lazima uingie kati. Alifungua kichipukizi cha ua kabla hakijakomaa, akanyofoa viungo vya kiume kimoja kimoja kwa koleo dogo, akapaka chavua kutoka kwa mmea mwingine, kisha akalifunika ua kwa kifuko wadudu wasimharibie hesabu. Rudia hivyo maelfu ya mara. Kwa miaka minane. Mimea aliyoipitia inakadiriwa kuwa kama 28,000.

Akioanisha ya mviringo na ya makunyanzi, watoto wote walitoka mviringo. Makunyanzi yamepotea, ungesema. Wengi kabla yake waliishia hapo, wakaamini kwamba damu za wazazi huchanganyika kama maziwa na chai, na ukishachanganya huwezi kutenganisha. Mendel akawaacha hao watoto wajichavushe wenyewe, akangoja msimu mwingine, akafungua maganda na kuhesabu. Punje 7,324. Za mviringo 5,474. Za makunyanzi 1,850. Makunyanzi yamerudi, tena yakiwa mazima, hayajapungua hata kidogo. Kwa rangi: njano 6,022, kijani 2,001. Sifa zote saba zikampa kitu kile kile, karibu tatu kwa moja.

Chukua sarafu mbili uelewe haraka. Kila mmea una nakala mbili za kila sifa, moja ya mama na moja ya baba, na unapozaa unatoa moja tu, kwa bahati. Ni kama kila mzazi anarusha sarafu. Nafasi nne zinatokea, na katika tatu angalau sarafu moja inaonyesha upande unaotawala. Ni katika nafasi moja tu ya nne ambapo zote zinaangukia upande unaojificha, na hapo ndipo unaona makunyanzi. Kwa maneno mengine, kitu kinaweza kuwa ndani yako, kisionekane kwako, na ukakipitisha kikiwa kizima kwa mtoto. Mendel hakujua kimetengenezwa na nini. Alijua tu kwamba kipo, kwamba ni kipande kimoja kisichoyeyuka, na kwamba kiko kwa jozi.

Alisoma matokeo yake mbele ya chama cha wanasayansi wa Brno kwa mikutano miwili, tarehe 8 Februari na 8 Machi 1865. Yakachapishwa 1866, na jarida likasambazwa kwa maktaba na taasisi zaidi ya 100 za Ulaya na kwingineko. Akaagiza nakala 40 za ziada atume mwenyewe kwa wakubwa. Kimya. Mmoja aliyejibu, Carl Nägeli wa Munich, bingwa wa mimea, hakushawishika, na alimwelekeza kwenye mmea wake anaoupenda, jamii ya maua ya Hieracium. Ilikuwa bahati mbaya ya ajabu: mimea hiyo mara nyingi hutengeneza mbegu bila kuoanishwa kabisa, watoto ni nakala ya mama. Mendel akahangaika nayo kwa miaka, akaumiza macho kwenye maua madogo yale, na tatu kwa moja haikutokea. Sarafu hazikuwa zinarushwa, na hakuna mtu duniani aliyelijua hilo wakati huo.

Miaka hiyo hiyo, 1869, daktari kijana Mswisi aitwaye Friedrich Miescher alikuwa mjini Tübingen, Ujerumani, akiosha usaha kutoka kwa bendeji za hospitali ili apate seli, na ndani ya viini vya seli akakuta kitu cheupe asichokijua. Kitu hicho ndicho tunachoita DNA. Mmoja alikuwa na hesabu ya urithi, mwingine alikuwa na urithi wenyewe kwenye chupa. Mendel alikuwa hai bado kwa miaka 15. Hakuna aliyeunganisha.

Mwaka wa 1868 watawa walimchagua kuwa abati, na kazi ya ofisi ikammeza. Kuanzia 1874 akaingia vita na serikali juu ya kodi mpya ya nyumba za watawa, akakataa kulipa hadi mwisho wa maisha, akapoteza marafiki. Kwa mtu aliyependwa na kila mwanafunzi, miaka yake ya mwisho ilikuwa ya barua za hasira. Alifuga nyuki, alipima mvua na joto kila siku, na figo zikaanza kumshinda. Alikufa Januari 6, 1884, akiwa na miaka 61. Leoš Janáček, ambaye baadaye alikuja kuwa mtunzi mkubwa wa muziki, aliongoza muziki kwenye misa ya mazishi. Watu wa Brno walimlilia mkuu wa abasia na rafiki wa maskini. Karatasi zake nyingi zilichomwa moto. Miaka 16 ikapita, ndipo mwaka wa 1900 Hugo de Vries wa Uholanzi, Carl Correns wa Ujerumani na Erich von Tschermak wa Austria, kila mmoja kivyake, wakafikia matokeo kama yake na kukuta kwamba padri fulani aliwatangulia.

Haya, sasa turudi maabara, kwa sababu hiki ndicho kipande kinachonifurahisha. Kuanzia 1990 wanasayansi wamekuwa wakienda kwenye kila sifa ya Mendel na kuuliza: ndani ya seli, ni nini kimeharibika?

Makunyanzi ndiyo yalipatikana kwanza, kule Norwich, Uingereza. Punje ya kawaida hugeuza sukari kuwa wanga, na kimeng'enya kimoja hufanya kazi ya kuupa huo wanga matawi. Kwenye minji ya makunyanzi, kipande cha DNA cha herufi kama 800 kiliruka kikajipachika katikati ya jeni ya kimeng'enya hicho, kama mtu aliyebandika tangazo katikati ya rispi ya mandazi. Kimeng'enya hakitengenezwi, sukari inabaki sukari, na sukari huvuta maji. Punje inajaa maji ikiwa changa, kisha inapokauka inasinyaa kama shati lililosahaulika kwa ndoo. Ndio maana minji za makunyanzi ni tamu zaidi. Zile tamu tamu za pakiti kwenye friza ya supamaketi kwa kawaida ni za ukoo huo.

Urefu ukafuata 1997: herufi moja tu ya DNA imebadilika kwenye jeni ya kimeng'enya kinachotengeneza homoni ya ukuaji, mmea unakosa homoni ya kutosha, unabaki mfupi. Punje ya kijani, 2007: mfumo wa kubomoa klorofili hauwaki, kwa hivyo rangi haiondoki punje ikikomaa. Ua jeupe, 2010: jeni inayowasha kiwanda cha rangi haisomeki vizuri. Zikabaki tatu, na hizo ndizo kikosi cha Kituo cha John Innes huko Norwich na wenzao wa China walizopata kwa zile minji karibu 700. Ganda la njano, kwa mfano, linatokana na kipande kikubwa cha DNA kilichokatika karibu na jeni ya kutengeneza klorofili. Ukumbuke Mendel hakuwa na kingine ila macho, koleo na daftari, na sifa zote saba alizochagua zimekutwa na kitu halisi nyuma yake, kinachoweza kuonyeshwa kwa kidole.

Utauliza, minji zinanihusu nini? Njoo nyumbani basi. Selimundu, ule ugonjwa wa seli za damu kujikunja kama mundu, unafuata sarafu zile zile za Mendel. Herufi moja ya DNA imebadilika kwenye jeni ya hemoglobini, na protini inabadilika tosha kuharibu umbo la seli. Ukiwa na nakala moja tu unaishi vizuri, huonekani mgonjwa, na tena una kinga dhidi ya malaria kali. Hilo la malaria aligundua Anthony Allison, daktari aliyelelewa hapa Kenya, aliyepima damu za watu mwaka wa 1949 na kuona wabebaji wa jeni hiyo ni wengi Pwani na kando ya Ziwa Victoria, kwenye mbu, na ni wachache sehemu za juu zenye baridi na zile kame. Alichapisha mwaka wa 1954. Kwa hivyo kama kwenu ni Kisumu, Busia, Kakamega au Kilifi, hii si hadithi ya Ulaya.

Wabebaji wawili wakipendana, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya mtoto mgonjwa. Sikiliza neno kila. Nimesikia watu wakisema tumeshapata mmoja mgonjwa, watatu wanaokuja watakuwa sawa. Hapana! Sarafu haina kumbukumbu. Inarushwa upya kila mara, na familia inaweza kupata watatu mfululizo au isipate hata mmoja. Na nimeona kitu kibaya zaidi: mama akiambiwa na wakwe kwamba ameleta ugonjwa kwenye ukoo. Mtoto hawezi kuugua selimundu kwa nakala ya mama pekee. Baba alitoa yake pia, imejificha kwake vile ile ya makunyanzi ilivyojificha kwenye punje ya mviringo. Ushahidi wa jambo hilo umechapishwa tangu 1866 na bado kuna wanawake wanafukuzwa kwa nyumba zao. Kipimo cha damu kinaonyesha kama wewe ni mbebaji. Kabla ya kulipia picha za pre-wedding Karura, nendeni mkapime. Wote wawili.

Tiba nayo imeanza kutoka maabara. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza inayotumia CRISPR, ile teknolojia ya kukata DNA mahali unapotaka. Wanatoa seli mama za damu za mgonjwa, wanakata swichi inayozima hemoglobini ya utotoni, wanazirudisha mwilini, na mwili unaanza tena kutengeneza ile hemoglobini isiyojikunja. Bei iliyotangazwa Marekani: dola milioni 2.2, zaidi ya Sh280 milioni. Kwa mtu mmoja. Ugonjwa uko huku, dawa iko kule, na sasa tunarudi kwa lile swali la nani analipa. Theresia alikuwa na fungu la shamba dogo. Nani ana fungu la Sh280 milioni?

Kisa chenyewe hakikuishia kaburini. Mwaka wa 2021 watafiti wa Brno walifungua kaburi la watawa ambamo Mendel alizikwa pamoja na wenzake, wakapima mifupa, wakalinganisha DNA na ile waliyopata kwenye vitu vyake, ukiwemo unywele uliokuwa ndani ya kitabu. Ni yeye. Wakasoma jenomu yake yote kwa ajili ya kuadhimisha miaka 200 ya kuzaliwa kwake, 2022. Walikuta mabadiliko ya jeni yanayohusishwa na kisukari, moyo na figo, na jingine linalohusishwa na kifafa na matatizo ya mishipa ya fahamu. Kuwa na jeni si lazima uugue, hilo wanalisema wenyewe. Lakini unakumbuka yule kijana aliyelala kitandani kwa miezi, na yule mwalimu aliyetoka kwenye chumba cha mtihani mwaka wa 1856 bila kumaliza.

Theresia hakuna aliyemfukua. Kwa hesabu ya sarafu za kaka yake, karibu nusu ya yale waliyoyasoma kwenye mifupa ile alikuwa nayo pia.